Ajenda Namba Nne: Uimara wa Mrushaji

Nilirusha mhuri. Watu wanasema nilirusha kiti, wengine wanasema nilimpiga Mwenyekiti na chupa ya chai. Waongo. Nilirusha mhuri, ule wa kishikio cha mbao, nikalenga chupa ya chai iliyokuwa kwenye meza ya mwisho karibu na dirisha, na chupa ya chai ndiyo niliyoipata. Ilianguka, kioo chake cha ndani kikapasuka, chai ya maziwa ikaingia kwenye sinia la maandazi. Kutoka niliposimama mpaka pale ni hatua kumi na mbili, na katikati palikuwa na vichwa vya watu. Hakuna kichwa hata kimoja kilichoguswa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa tano, kwenye chumba cha kukodi pale Hallunda, pembezoni mwa Stockholm. Tulikuwa kama watu ishirini. Mwenyekiti alikuwa amesimama anasoma muhtasari wa kikao kilichopita ili uthibitishwe, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo kanisani. Akasoma ajenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nimekaa mstari wa pili, mwanangu mdogo kalala kwenye kigari chake pembeni yangu.

"Ajenda namba nne," akasoma. "Uimara wa mrushaji. Katibu alikitaarifu kikao kwamba mrushaji, tangu ajifungue mtoto wa pili, hawezi kuzuia mkojo vizuri anapokimbia au kugongwa. Wajumbe walisikitika. Kikao kiliona kwamba uimara wake una mashaka, na kiliazimia klabu ishauriwe kutafuta mrushaji mwingine."

Mrushaji ni mimi.

Akageuza ukurasa, akatutazama juu ya miwani. "Kuna marekebisho?"

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka. Nikadhani humu ndani kuna mtu mmoja mwenye haya.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema yule bwana, "mimi nilihudhuria kikao hicho. Lakini humo nimeandikwa miongoni mwa waliotoa udhuru."

"Irekebishwe," akasema Mwenyekiti. "Kingine?"

Hapo ndipo nilipoinuka nikaunyakua mhuri kutoka mezani mbele ya Katibu.

Naandika haya kwa mkono wangu, na mkojo nauita mkojo, kwa sababu siri imekwisha. Kilichobaki ni nani ataisimulia, na safari hii nasimulia mimi.

Nianze na tawi, maana asiyelijua tawi hataelewa watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu zao, waliwezaje kufanya walichofanya. Kwetu Tanzania shabiki hakai peke yake. Ana tawi. Tawi lina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, lina bango na benchi chini ya bango, na kwenye benchi hilo kila jioni wanakaa watu ambao hawajawahi kupiga danadana kumi, wanajadili kocha gani aajiriwe, yupi afukuzwe, na mchezaji gani goti lake limekwisha. Wakiafikiana wanaandika barua kwa uongozi wa klabu. Uongozi wa kule umezizoea barua hizo. Unazipokea, unacheka, karatasi zinakwenda kufungia karanga. Uongozi wa Sweden haujazizoea.

Mimi nilikuja Stockholm na miaka kumi na tisa na cheti changu cha kidato cha nne, nikimfuata mwanaume ambaye bado ndiye mume wangu. Tunakaa Bredäng, ghorofa ya tano. Nafanya kazi jikoni kwenye shule, napika viazi vya watoto mia mbili. Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miezi minne nilikuwa nasukuma kigari chake kando ya uwanja, mpira wa ajabu uliochongoka huku na huku ukatoka uwanjani ukagonga kigari. Mtoto akaangua kilio. Nikauokota, nikaurusha kwa hasira nimpige aliyenirushia. Shuleni nilicheza mpira wa mikono, bega ninalo. Ulimkuta kifuani akiwa upande wa pili wa uwanja. Nilidhani wananiitia polisi. Kumbe wananiita mazoezini.

Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Timu yetu ni ya wanawake na hakuna anayelipwa. Mimi ni kwotabeki. Kwa maneno mepesi, mpira unaanzia mikononi mwangu. Nina kama sekunde tatu za kuangalia mwenzangu yupi yuko wazi nimrushie, na katika hizo sekunde tatu wanawake wa upande wa pili, wengine uzito wao mimi mara mbili, wanakuja kuniangusha. Mtu anayesimama hapo anatakiwa asiwaangalie wanaomjia. Aangalie mbali. Ni sehemu pekee katika maisha yangu ya hapa ambapo nikinyoosha mkono kila mtu anasubiri nimeamua nini. Jikoni naambiwa, nyumbani naitwa, kwenye ofisi zao nachukua namba na kukaa. Pale naamua. Hicho ndicho kilichochukuliwa, asije mtu akaniambia ni mpira tu.

Tawi lilikuja kwa ajili yangu, nisiwadhulumu. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alimwalika mzee mmoja wa Kitanzania, mhandisi mstaafu aliyekuja huku zamani kusoma akabaki. Mzee akamleta rafiki yake fundi wa magari, Mkongo, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Mechi ya kwanza walikaa na blanketi magotini, fundi akauliza, "Sasa mama, goli iko wapi?" Mzee akapiga kelele, "Ofsaidi!" na hakuna ofsaidi ya namna hiyo. Mechi ya tano walikuja na ngoma na vitumbua. Ya nane walikuwa na tawi: mzee akiwa Mwenyekiti, na wifi yangu, yaani dada yake mume wangu, akiwa Katibu. Wakaagiza na mhuri.

Kufikia mwisho wa msimu wote walikuwa mabingwa wa mchezo. Nikitoka uwanjani nimeloa jasho, kabla sijavua kofia, nasomewa makosa.

"Binti yangu, ile ya mwisho ungerusha kushoto."

"Shikamoo mzee. Kushoto alikuwa amekabwa."

"Marahaba. Alikabwa kwa sababu ulichelewa."

Nilicheka. Naapa nilicheka, na nilifurahi. Ukikaa nchi ambayo jirani yako anasubiri ushuke ndiyo atoke mlangoni, mtu wa kukukosoa kwa Kiswahili unamwona ndugu.

Mtoto wetu wa pili alipofikisha miezi saba nikarudi uwanjani. Na ni kweli, nikigongwa sana, matone yalikuwa yanatoka. Nilikwenda kliniki kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanipima, akanipa mazoezi ya dakika kumi asubuhi na jioni, akaniambia cheza. Ndivyo alivyosema: cheza. Nikavaa pedi, nikacheza. Msimu mzima nilikosa mechi mbili tu, mtoto alipopata tetekuwanga.

Watu wawili nje ya kliniki ndio waliojua. Mume wangu, kwa sababu ni mume wangu. Na wifi, kwa sababu siku moja jikoni kwake Spånga, tukichambua mchele wa shughuli, aliniuliza mbona nimekonda, nami nikamwambia. Akanishika mkono. Naye akanipa siri yake mwenyewe. Alichoniambia siku ile nakikumbuka neno kwa neno na sitakiandika hapa. Mimi siyo katibu.

Msimu wa theluji kocha wetu akahama mji. Klabu ikabaki na majina mawili mezani. La kwanza ni mwanamke aliyekuwa msaidizi wake misimu sita, anayejua bega la nani linauma na nani anatoka kazini saa ngapi. La pili ni mwanaume kutoka mji wa kaskazini, aliyefundisha timu za wanaume. Klabu ikaandika kwenye ukurasa wake, kwa ustaarabu wao, kwamba mwenye maoni ayalete. Kwa Mswidi hayo ni maneno ya adabu tu. Kwa tawi ilikuwa kama wameitwa bungeni.

Kikao kikaitwa mwezi wa pili. Sikwenda, mtoto ana homa. Kilichosemwa nilisimuliwa baadaye na muuguzi mmoja Mkenya, mwanachama wa tawi, na muhtasari nilikuja kuusoma mwenyewe. Wifi ana sifa moja: anaandika kila kitu.

"Kocha mwanamke atawabembeleza," alianza Mwenyekiti. "Hii timu inataka mtu wa kukaripia. Tena huyu msaidizi hana jina. Katwaa kombe gani?"

"Bon, mzee," akasema fundi, "ule mwanamke anajua timu. Mimi sina shida na kocha. Shida ni kwotabeki. Unaweza kuweka dereva muzuri namna gani, kama injini imechoka, imechoka."

"Imechoka vipi, na mwaka jana katufikisha nusu fainali?" akauliza mzee.

"Mechi mbili hakucheza. Mbili! Hiyo ni injini ya kuzimikia njiani."

"Aki nyinyi wanaume," akasema muuguzi. "Mtoto ndiye alikuwa mgonjwa. Si yeye."

"Leo mtoto, kesho goti. Ule amezaa mara mbili, mama. Mwili si chuma."

"Wewe umezaa mara ngapi, fundi?"

Wakacheka. Muuguzi anasema hapo mambo yangeishia, watu walishaanza kuangalia vitumbua. Lakini wifi akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa sadaka, "Kwa kweli kuna jambo wajumbe hamlijui." Akalisema. Halafu akachukua kalamu akaliandika.

Kwenye muhtasari, maneno ya muuguzi yameandikwa hivi: "Mjumbe mmoja alitoa hoja tofauti." Basi. Mkojo wangu umepewa mistari mitano.

Na kwenye orodha ya waliohudhuria, namba kumi na moja, lipo jina la mume wangu.

Wakaafikiana: aajiriwe mwanaume, atafutwe mrushaji mwingine. Mwenyekiti akaandika barua, wifi akaipitisha kwenye simu pamoja na muhtasari, vyote vikageuka Kiswidi, wakapiga mhuri, wakaambatisha muhtasari wote kama inavyotakiwa, maana kwa mzee barua bila kiambatisho ni uvumi. Hakuna hata mmoja aliyesimama akajiuliza karatasi hii inakwenda kusomwa na nani. Kule kwetu haisomwi na mtu. Ndiyo raha ya tawi, unasema lolote, kesho yake mchezaji anaingia uwanjani kama kawaida.

Klabu ikaisoma. Ikaisoma na kuipenda. Hawajawahi kupata barua ya mashabiki yenye mhuri. Wakamwajiri yule mwanaume, labda wangemwajiri tu, sijui. Na mwezi wa tatu mama anayeshughulikia taarifa za klabu akatutumia wachezaji wote barua pepe ya wiki: ratiba ya mazoezi, namna ya kufua jezi, na chini kabisa, kwa furaha, mawazo ya mashabiki wetu, faili limeambatishwa.

Nilikuwa kwenye treni natoka kazini, mtoto nimeshamchukua chekechea. Nikafungua faili kwa sababu nilidhani wamenisifia. Nilisoma mara tatu. Kituo changu kikapita. Nilishuka Hallunda kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa na watu, nikakaa kwenye benchi la baridi na kigari, treni tatu zikapita za kunirudisha nyumbani.

Mazoezi ya kwanza ya nje, marundo ya theluji bado yako kwenye pembe za uwanja, kocha mpya akaniita pembeni. Kijana mpole, anaongea kama anayemlaza mtoto. Akaniambia amesoma, anashukuru, anaheshimu sana akina mama. Msimu huu wataanza na binti wa miaka kumi na tisa. Mimi nitakuwa wa akiba.

"Umeniona nikirusha?" nikamuuliza.

"Bado."

"Basi umeamua kwa lipi?"

"Ni kwa ajili yako," akasema. "Tunataka kukulinda."

Nikamletea barua ya mtaalamu wa kliniki. Akaisoma, akaiweka kwenye faili, akanishukuru kwa uwazi wangu. Uwazi! Mtu amevuliwa nguo sokoni halafu anashukuriwa kwa kuonyesha mwili.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzangu walinyamaza nilipoingia. Halafu mwanamke mkubwa kuliko wote, anayecheza mbele yangu kunikinga, mama wa watoto watatu, akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kamba za viatu, "Mimi pia. Tangu wa pili." Mwingine akasema, "Mimi nikipiga chafya." Mikono ikaanza kuinuka. Nililia siku hiyo, ila sikulia kwa huzuni. Lakini tazama: wote wale walianza mechi ya kwanza. Mimi nilikaa benchi na koti, kwa sababu wao hawana tawi, mimi ninalo.

Mume wangu alipotoka kazini usiku wa siku ile niliyosoma faili, nilimwekea simu mezani ikiwa wazi kwenye orodha ya majina.

"Namba kumi na moja ni nani?"

Akaigeuza simu kifudifudi. "Mama watoto, ningesema nini mbele za watu? Ni dada yangu."

"Na mimi ni nani?"

"Ungekuwa wewe ungemkatiza mkubwa wako kwenye kikao?"

"Ndiyo."

"Wewe ndiyo," akasema. Akaenda kuoga.

Wifi nilimfuata kwake Spånga, Jumapili, sikupiga simu kwanza. Alinifungulia kwa tabasamu, tabasamu likafia mlangoni.

"Karibu wifi."

"Sijaja kukaribia. Nimekuja kuuliza nilikukosea nini."

"Hujanikosea. Nilitaka upumzike. Kila Jumamosi unaangushwa chini kama gunia, una watoto wadogo, kaka yangu anapika mwenyewe. Nilisema nikiwaambia watakupumzisha."

"Ungeniambia mimi."

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Ndiyo maana ni mwili wangu."

"Wifi, mimi ni katibu. Likisemwa kwenye kikao lazima liandikwe."

"Nani alilisema?"

Birika likawa linachemka nyuma yake. Nilimwangalia, naye akajua ninachokifikiria, kile alichoniambia siku ile ya kuchambua mchele. Uso ukambadilika, akaogopa. Nikaona hofu yake nikaona raha, sitaficha, raha ya dakika moja. Nikaondoka na siri yake nikiwa nimeifunga vizuri. Naiweka mpaka leo. Ni nzito, na hajanishukuru.

Kilichonimaliza ni mwanangu wa miaka sita. Kwao wifi kuna binamu zake. Wiki moja baadaye namvalisha nguo ya kuogelea, akaniuliza kwa Kiswidi, maana mambo ya nyumbani huyasema kwa Kiswahili na ya aibu kwa Kiswidi, je, ni kweli, mama, unajikojolea uwanjani na ndiyo maana wamekutoa?

Nikamjibu kwa Kiswahili. Nikamwambia wamenitoa kwa sababu ya umbeya. Akaniuliza umbeya ni nini. Nikamwambia ukikua utachaguliwa kuwa katibu, utajua.

Siyo jibu zuri la kumpa mtoto. Ndilo nililokuwa nalo.

Na wote, kila niliyemlalamikia, walinipa neno moja. Mume: subiri kikao. Mwenyekiti kwenye simu: "Binti yangu, mambo ya kikao hujibiwa kwenye kikao, subiri." Hata muuguzi: "Ngoja tu hiyo mkutano, tutaongea." Nikasubiri wiki saba. Wiki saba, mechi tatu, benchi, koti. Yule binti wa miaka kumi na tisa ana mkono mzuri lakini anawaangalia wanaomjia. Kila mara anawaangalia. Tulipoteza mbili. Tawi likapiga ngoma yake, na fundi, bila aibu, akaniambia nikiwa benchi, "Mama, unaona? Kocha mupya hajui kitu. Tutaandika barua."

Basi nikaja kikaoni Hallunda nimevaa gauni la heshima. Nilijua ninachokitaka. Nilitaka mtu asimame aseme tumekosa. Sekunde kumi zingenitosha. Nikapewa muhtasari uthibitishwe, na marekebisho yakawa ya mtu aliyeandikwa hayupo.

Chupa ilipoanguka mwanangu akaamka akaanza kulia. Wifi alikuwa ameziba uso kwa daftari.

"Haya," nikasema. "Mkono wa mrushaji mmeuona. Andika hilo, Katibu."

"Binti yangu," akasema Mwenyekiti, "kikao kina utaratibu."

"Wapi kwenye utaratibu mlinihitaji mimi?"

"Kama una malalamiko, yaandike. Tutayaingiza kwenye ajenda."

Fundi akainuka, akaja mpaka kwenye kigari, akawa anakitikisa taratibu kumnyamazisha mtoto. Hakuniangalia. "Mama," akasema, "mimi nilisema injini. Nilizoea kusema hivyo juu ya watu wa televisheni. Pardon." Huyo ndiye peke yake. Msamaha wake nimeupokea, lakini haukuandikwa, kwa hiyo kwa tawi haupo.

Mume wangu alisimama. Nilimwona kwa pembe ya jicho akisimama mstari wa nyuma. Nikangoja. Akaenda kuchukua bunda kubwa la karatasi za kufutia akaanza kufuta chai sakafuni.

Nikasukuma kigari nikatoka. Jumapili nzima niliandika barua. Niliandika kwa Kiswidi, kwa kamusi na kwa msaada wa yule mwenzangu wa watoto watatu aliyesahihisha, na hapa nimeigeuza Kiswahili mwenyewe. Sikuipeleka kwa tawi iingizwe kwenye ajenda. Jumatatu baada ya kazi niliipeleka ofisi ya klabu, nikaiweka mkononi mwa mama wa taarifa, nikamwomba aandike tarehe na kusaini nakala yangu kwamba kaipokea. Alisaini. Alitaka kunishukuru, nikamwambia asome kwanza.

*Kwa Bodi ya Klabu.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUSAMBAZWA KWA HALI YANGU YA AFYA NA KUONDOLEWA KATIKA NAFASI YANGU*

*Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mchezaji wenu. Mwezi wa tatu mliwatumia wachezaji wote karatasi iliyoandikwa na mashabiki, ndani yake kuna habari za mwili wangu nilizomwambia mtu mmoja jikoni. Hamkuniuliza kama ni kweli, na hamkuniuliza kama naruhusu zisambazwe. Mlifurahi kwamba watu wetu wamewaandikia. Furaha yenu nimeilipia mimi, na binti yangu wa miaka sita.*

*Kocha wenu aliniondoa kabla hajaniona nikirusha mpira. Alitumia karatasi hiyo. Barua ya mtaalamu wa kliniki, inayosema niko sawa kucheza, ameiweka kwenye faili. Naomba bodi inieleze kwa maandishi kwa nini maneno ya mashabiki yalikuwa na uzito kuliko ya mtaalamu. Kama ni kwa ajili ya mhuri, semeni.*

*Nataka faili lifutwe kila mahali mlipoliweka, na wachezaji wote walioletewa waandikiwe kwamba lilikuwa kosa lenu. Nataka msipokee tena kwa shabiki yeyote, awe ndugu yangu au si ndugu yangu, habari za ugonjwa au uzazi wa mchezaji. Nafasi siiombi kama zawadi. Nataka nisimamishwe uwanjani na yule binti, mpira ule ule, watu wale wale wakitujia, na kocha aangalie. Akinishinda nitakaa benchi bila kunung'unika.*

*Nasubiri jibu ndani ya siku kumi na nne. Sitasubiri kikao.*

*Jina langu na sahihi yangu viko hapa chini. Barua hii haina mhuri.*

*Nakala: Mwenyekiti wa Tawi, kwa taarifa. Katibu asiisome kwa sauti.*